Mashua za Mtoni za Ayalandi: Anza na Tumbo

Mtu akikuletea picha ya mashua kuukuu ya mbao kutoka Ayalandi akakuuliza ni ya aina gani, usihangaike na rangi, maana rangi hupakwa na kupakwa tena. Tazama chini. Mashua ya baharini kwa kawaida ina mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba mataruma. Ya mtoni mara nyingi haina. Tumbo lake ni bapa kama sakafu, kwa kuwa hupita kwenye maji haba na hulala juu ya tope maji yakipwa.

Chombo kikongwe cha ukoo huu huitwa koite, neno la Kigaeli lililotumika pia kwa mtumbwi wa gogo. Katika Makumbusho ya Taifa, Dublin, umehifadhiwa mtumbwi wa Lurgan, uliochongwa kwenye gogo moja la mwaloni. Una urefu wa karibu mita 15 na umri wa zaidi ya miaka 4,000. Magogo makubwa yalipoadimika, mafundi walijenga kwa mbao, lakini umbo jembamba na la chini likabaki.

Kusini-mashariki kuna mito mitatu, Suir, Nore na Barrow, inayoitwa Dada Watatu. Huko koite ilikuwa chombo cha kuvulia samoni, na ilifanya kazi wawili wawili. Koite mbili zilishuka na mkondo, wavu umetandazwa kati yake. Katika kila moja mtu mmoja alishika kafi na mwenzake alishika kamba ya wavu. Samaki alipogonga, mkono ulihisi mtikisiko kwenye kamba, na papo hapo wavu ukavutwa kabla hajageuka. Kazi hiyo ndiyo iliyolichonga umbo: ubavu mfupi ili mvuvi ainame kwa urahisi, na uzito mdogo ili kafi moja itoshe kukiongoza chombo.

Ukienda magharibi, kwenye mlango wa mto Shannon, utakutana na gandelo. Nayo ina tumbo bapa na urefu wa karibu mita 7, lakini omo yake imeinuka ili ipande juu ya tope. Hii hupigwa makasia, kwa hiyo kagua kingo zake: alama za vileti, vile vigingi vya kuegemeza kasia, ni ushahidi mzuri kuliko jina lolote lililoandikwa ubavuni. Mbali na samoni, gandelo zilibeba matete yaliyokatwa kando ya mto.

Ukiona kiunzi cha fito kilichovikwa ngozi au turubai, hicho ni kuraki, ukoo mwingine kabisa.

Tangu Ayalandi ilipopiga marufuku nyavu za kuelea za samoni baharini mwaka 2007, uvuvi wa nyavu mitoni nao umebanwa sana. Mashua nyingi zimebaki bila kazi, nyingine zimekatwa nyuma zifungwe injini. Ndiyo maana mimi huuliza kwanza ilitoka mto gani, kisha nani aliijenga. Wajenzi wengi hawakuacha michoro, kwa hiyo ubao wenyewe ndio kumbukumbu. Kama unayo moja uani, ipindue leo, pima tumbo lake na upige picha ncha zote mbili kabla mvua haijaiozesha.