Machicha ya ethanoli: bei nafuu, sumu mara tatu

Mnunuzi wa machicha ya mahindi kutoka viwanda vya ethanoli vya Marekani hutazama kwanza mambo mawili, protini na mafuta. Hayo ndiyo yanayoandikwa kwenye mkataba na ndiyo yanayopanga bei. La tatu, sumukuvu, huweza kugundulika wakati mzigo umekwisha kulipiwa.

Machicha hayo, ambayo katika soko la dunia huitwa DDGS, ni mabaki ya mahindi baada ya wanga wake kugeuzwa kuwa pombe ya kuendeshea magari. Busheli moja ya mahindi, yaani kilo 25.4, hutoa zaidi ya lita 10 za ethanoli na karibu kilo 8 za machicha makavu. Sheria za nishati za mwaka 2005 na 2007 zililazimisha petroli ya nchi hiyo kuchanganywa na nishati ya mimea, viwanda vikaongezeka, na machicha yakawa bidhaa inayoshindana na mashudu ya soya, hata na mahindi yenyewe. China ilinunua zaidi ya tani milioni 6 mwaka 2015 kabla ya kuyatoza ushuru mzito Januari 2017. Mexico imebaki mteja mkubwa.

Kasoro iko kwenye hesabu. Wanga ni kama theluthi mbili ya punje. Chachu huumaliza, na vinavyobaki ni protini, mafuta na nyuzinyuzi. Ndiyo maana mabaki hayo yana bei. Lakini sumu ya kuvu nayo hubaki. Chachu haiiharibu, na joto la kukaushia haliimalizi. Ethanoli hutoka safi, sumu ikabaki kwenye machicha. Iliyokuwa imetawanyika katika kilo tatu za mahindi hukusanyika katika kilo moja.

Kwa mfano, mahindi yenye aflatoksini sehemu 20 kwa bilioni yanaruhusiwa na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, kulishwa ng'ombe wa maziwa. Machicha yake huweza kufika sehemu 60. Hapo mlango wa maziwa umefungwa, na mzigo hutafutiwa ng'ombe wa nyama wanaonenepeshwa, ambao kikomo chao ni 300. Kiwanda kimepokea mahindi halali, kikatoa bidhaa yenye wateja wachache. Kuichanganya na safi ili kushusha kiwango hakuruhusiwi bila kibali maalumu, kama kile kilichotolewa kwa mahindi ya jimbo la Iowa baada ya ukame wa mwaka 2012.

Msimu nao una usemi wake. Ukame na joto huleta aflatoksini. Mvua na baridi, kama wakati wa mavuno ya mwaka 2009, huleta vomitoksini, ambayo humfanya nguruwe akatae chakula. Fumonisini ni hatari zaidi kwa farasi, maana huharibu ubongo.

Nani analipa? Mara nyingi mfugaji, tena bila kujua. Watafiti Felicia Wu na Gary Munkvold walikadiria mwaka 2008 kwamba fumonisini iliyomo katika machicha ilikuwa ikiwapotezea wafugaji wa nguruwe wa Marekani dola milioni 9 kwa mwaka, kwa sababu tu wanyama hawakuongezeka uzito ipasavyo. Kama kila nguruwe angelishwa machicha kwa asilimia 20 ya chakula chake na sumu isidhibitiwe, hasara ingefika dola milioni 147. Hasara ya namna hiyo haionekani kwenye ankara yoyote. Nguruwe hafi, anachelewa tu kufika mnadani.

Upimaji si kazi rahisi. Kuvu hukaa mahali mahali, hivyo sampuli ya gunia moja haisemi lolote kuhusu meli nzima. Vipimo vya haraka vilivyotengenezwa kwa ajili ya mahindi si lazima vifae kwa machicha. Vipo pia viungo vinavyonasa sumu tumboni. Ulaya iliidhinisha udongo wa bentoniti dhidi ya aflatoksini mwaka 2013, lakini FDA haijaidhinisha kiungo chochote kwa kazi hiyo. Mnunuzi makini huandika kikomo cha kila sumu kwenye mkataba, na pia mahali pa kuchukulia sampuli, bandari ya kupakia au ya kupakulia.

Wafugaji wa Afrika Mashariki wanaochukua machicha ya bia mlangoni mwa kiwanda wako kwenye hesabu hiyo hiyo, kwa kuwa huko nako wanga huondoka na sumu ya nafaka iliyobaki hujikusanya. Machicha yao, tena, huja yakiwa mabichi. Katika joto la pwani huanza kuota kuvu jipya ndani ya siku chache, na ng'ombe akila aflatoksini, sehemu yake hutokea kwenye maziwa.