Chupa moja, wawili: Uujue mvinyo mwekundu wa Hispania

Wapo wapenzi wengi ambao wakitaka kufanyiana usiku maalumu, huingia dukani na kunyoosha mkono kwenye chupa ya bei kubwa kuliko zote. Kisa? Imeandikwa Gran Reserva, basi lazima iwe tamu! Mpenzi msomaji, neno hilo halizungumzii utamu. Linazungumzia muda.

Mimi kazi yangu iko Bunda, mume wangu yuko Musoma, na tunaonana wikiendi tu. Kuna kipindi Jumamosi zote ziliishia baa: yeye na washkaji zake, mimi na simu yangu. Tukakaa, tukaelewana. Mara moja kwa mwezi, chupa moja, nyumbani, simu zizimwe. Huku kwetu mvinyo wa Hispania ni wa kuagizia Mwanza au Dar, kwa hiyo nikaona heri nijue ninachokilipia.

ZABIBU MOJA, MIKONO MINGI

Ukweni kwangu Butiama, nyumba mbili zinaweza kupika pombe kwa mtama uleule, na bado ladha zikapishana kabisa. Mtama ni mmoja, mkono wa mpishi ndio tofauti. Hispania nako ni hivyohivyo. Zabibu yao maarufu nyekundu inaitwa Tempranillo, lakini angalia wanavyoibadilisha.

Kule Rioja, kuna wanaotumbukiza vishada vizima kwenye tangi bila kuvisaga, uchachukaji ukaanzia ndani ya punje yenyewe. Mvinyo huo hunywewa ungali mchanga, nao huitwa Joven, yaani kijana. Ni mwepesi, unanukia matunda, wakati mwingine hata ndizi mbivu.

Wengine huulaza kwenye mapipa ya mwaloni. Siyo mwaloni kwa wavuvi wa sato, jamani, ni mti! Mwaloni wa Marekani huachia harufu ya vanila na nazi. Kwa taratibu za Rioja, mvinyo mwekundu wa Crianza hutimiza angalau miaka 2 kabla ya kuuzwa, mmoja ukiwa ndani ya pipa. Reserva ni miaka 3, mmoja ndani ya pipa. Gran Reserva ni miaka 5, na isiyopungua 2 ni ya pipa. Unaponunua Gran Reserva, sehemu ya bei ni kodi ya miaka hiyo ya kulala.

Halafu kuna Priorat, milimani Catalonia, wanakotumia zabibu za Garnacha na Cariñena. Huo ni mzito hasa. Na kule Jumilla, kusini-mashariki kwenye jua kali, zabibu ya Monastrell hutoa mvinyo mweusi wenye nguvu.

UNAKULA NINI LEO?

Hapo ndipo pa kuanzia, siyo kwenye bei. Kama ni sato wa kuchoma, chukua Joven, uipoze kwenye friji nusu saa. Ukakasi wa mvinyo mzito unaweza kuacha ladha ya chuma ukikutana na samaki. Kama ni mbuzi choma na ugali wa muhogo na mtama, Crianza inatosha kabisa. Jumilla nayo inaelewana na nyama yenye mafuta. Gran Reserva iache kwa siku ambayo mna muda wa kunywa taratibu na kuongea.

Na hela ikibana je? Usikope kwa ajili ya chupa! Dodoma wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na mvinyo wao mwekundu unapatikana kirahisi zaidi. Kanuni ni ileile: muulize muuzaji kama ni mtamu au mkavu, mwepesi au mzito.

La mwisho, mmoja wenu akiwa na safari ya kuendesha usiku huo, asiguse glasi. Na kama mwenzi wako hanywi kabisa, mletee juisi ya ukwaju, kaeni meza moja. Kinachotafutwa pale ni maongezi, chupa ni kisingizio tu.