Kugonga si Kupiga

Mpira wa miguu tunaujua sote. Lakini upo mpira mwingine, unaitwa mpira wa magongo. Kila upande una wachezaji 11, na kila mchezaji ana gongo, yaani fimbo nene iliyopinda mwishoni. Mpira wake ni mdogo na mgumu kama jiwe. Hakuna ruhusa kuugusa kwa mguu, isipokuwa mlinda mlango. Unagongwa kwa gongo tu, tena kwa ule upande ulio bapa.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Gongo na kugonga ni ndugu, shina lao ni moja. (Gongo ile ya kunywa tuiache, hiyo ina mambo yake na polisi.) Kugonga ni kitu kigumu kukutana na kingine kwa nguvu, na mara nyingi mlio unasikika: ko! Fundi anagonga msumari. Mgeni anagonga mlango. Hapa Mlingotini kina mama wa mwani wanagonga vigingi mchangani maji yakishakupwa. Ngalawa ikienda vibaya inagonga mwamba. Ukisema imepiga mwamba, wavuvi watakucheka.

Kupiga ni neno pana zaidi. Tunapiga makasia, tunapiga mbizi, tunapiga pasi, tunapiga kura, wala hakuna anayeumia. Katika habari za michezo, kupiga ni kushinda. Mwaka 1980 timu yetu ya taifa ya mpira wa magongo ilikwenda Moscow kwenye Michezo ya Olimpiki. Nchi nyingi zilisusia michezo ile, na timu za wanaume zilikuwa 6 tu. India ilitupiga mabao 18 kwa 0. Mabao 18, jamani! Tukawa wa mwisho. Lakini waliotupiga ndio waliochukua medali ya dhahabu, kwa hiyo tulipigwa na mabingwa. Hapo hakuna aliyerusha ngumi.

Basi kuna mahali ambapo maneno haya mawili yakichanganywa yanaleta balaa. Tuseme jirani amekuangusha na baiskeli yake njiani, nawe umekwenda kutoa maelezo polisi. Ikiandikwa "alinigonga kwa baiskeli", msomaji anaelewa kwamba huenda breki zilikatika, au kona ilikuwa mbaya. Ikiandikwa "alinipiga kwa baiskeli", inaonekana jirani aliinyanyua baiskeli akakutwanga nayo makusudi. Hizo ni kesi mbili, na jirani ni yule yule.

Zamani wengi wetu tuliweka dole gumba tu bila kujua kilichoandikwa. Sasa unajua kusoma. Omba karatasi, isome pole pole mpaka mwisho. Ukikuta "alinipiga" mahali pa "alinigonga", mwambie askari abadilishe kwanza, ndipo utie sahihi.