Bei ya Oili Sintetiki Inalipia Nini?

Oili ya injini, iwe ya bei nafuu au ya bei ya juu, ni mchanganyiko wa vitu viwili: mafuta ya msingi, ambayo huchukua takriban robo tatu au zaidi ya ujazo wa galoni, na kemikali za nyongeza ambazo huyapa mafuta hayo uwezo yasiokuwa nao yenyewe. Miongoni mwa kemikali hizo kuna misombo ya zinki inayotandaza utando mwembamba juu ya vyuma vinavyosuguana, misombo ya kalisi au magnesi inayosafisha injini na kuua asidi, dawa zinazoyashika masizi yasigandamane, na nyingine za kuzuia povu. Kwa kuwa kemikali za jamii hizi hutiwa katika oili za aina zote, tofauti ya asili kati ya oili sintetiki na oili ya kawaida, ambayo pia huitwa oili ya madini, haipo kwenye dawa bali kwenye mafuta ya msingi.

Mafuta ya msingi ya oili ya kawaida hupatikana kwa kuchemsha mafuta ghafi na kutenga ile sehemu nzito iliyo kati ya dizeli na lami, kisha kuipunguzia nta na uchafu kwa kutumia vimumunyisho. Kinachobaki ni mkusanyiko wa molekuli za maumbo na ukubwa mbalimbali, mithili ya mchele uliopepetwa mara moja tu, ambao bado una chenga na vijiwe ndani yake. Baadhi ya molekuli hizo ni ndogo mno, na hizo hugeuka mvuke mapema. Nyingine ni za nta, na hizo huganda kwenye baridi. Nyingine zina salfa au viungo dhaifu vya kikemia, na hizo ndizo ambazo oksijeni huzishambulia kwanza. Oili sintetiki halisi hutengenezwa kwa njia ya kinyume, yaani badala ya kuchambua kilichotoka ardhini, kiwanda huanza na ethilini, gesi ileile inayotengenezewa plastiki, na kuiunganisha hatua kwa hatua hadi zipatikane molekuli zinazofanana, ziitwazo polialfaolefini. Oili za namna hii, pamoja na zile za jamii ya esta zilizotangulia kutumika katika ndege za jeti, ndizo zilizoingia katika soko la magari ya kawaida mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Kati ya ncha hizo mbili kuna njia ya tatu, na hapo ndipo mnunuzi hupotea. Taasisi ya Petroli ya Marekani, ijulikanayo kwa kifupi kama API, imeyagawa mafuta ya msingi katika makundi matano: la kwanza ni la mafuta yaliyosafishwa kwa vimumunyisho, la pili na la tatu ni la mafuta ghafi yaliyosafishwa zaidi kwa hidrojeni chini ya joto na mgandamizo mkubwa, la nne ni la polialfaolefini, na la tano hukusanya yote yaliyosalia, esta zikiwemo. Kundi la tatu hukaribia la nne kwa ubora ingawa chanzo chake ni mafuta ghafi, na mwaka 1999 chombo kinachosuluhisha migogoro ya matangazo ya biashara nchini Marekani kilikataa malalamiko ya Mobil dhidi ya Castrol, kikaamua kwamba oili ya kundi hilo inaweza kuuzwa kwa jina la sintetiki. Tangu hapo galoni nyingi zenye jina hilo zimekuwa na mafuta ya kundi la tatu. Katika kundi hilohilo huhesabiwa pia mafuta yanayotokana na gesi asilia, kama yale ya mtambo wa Pearl huko Ras Laffan nchini Qatar, ulioanza kazi mwaka 2011, na haya ni safi kiasi kwamba kuyaona kuwa ya daraja la chini kwa sababu ya namba ya kundi lake ni kutoyatendea haki.

Faida ya kwanza ya molekuli zinazofanana huonekana katika mnato, yaani uzito wa oili inapotiririka. Kila oili huwa nyepesi inapopata joto na nzito inapopoa, lakini oili sintetiki hubadilika kwa kiwango kidogo zaidi. Namba zilizoandikwa kwenye galoni, kwa mfano 20W-50, hueleza jambo hilo: ya kwanza, yenye herufi W inayodokeza majira ya baridi, hupima namna injini itakavyozunguka wakati wa kuwashwa kwenye baridi, na ya pili hupima mnato katika nyuzi joto 100 za Selsiasi, ambalo ndilo joto la oili gari likiwa kazini. Oili ya 20W hupimwa katika nyuzi 15 chini ya sifuri, na ile ya 0W katika nyuzi 35 chini ya sifuri. Kwa mkazi wa Moscow au Toronto, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama gari litawaka asubuhi au la; kwa mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa haina maana yoyote, na hata Makete au Kinangop, ambako umande huganda majira fulani ya mwaka, baridi haifiki hata karibu na kiwango cha kuishinda oili ya 20W.

Hata hivyo, si sahihi kuhitimisha kwamba nchi ya joto haina haja na oili nyepesi. Katika nyuzi 40, joto ambalo injini iliyolala usiku kucha pwani haiwi mbali nalo sana, oili ya 20W-50 kwa kawaida huwa na mnato wa takriban milimita za mraba 160 kwa sekunde, ilhali ya 0W-20 huwa na takriban 45. Magari mengi madogo ya Toyota yanayoingizwa Afrika Mashariki yakiwa yametumika Japani, kama vile Aqua, yaliundwa kutumia 0W-20, na mfumo wake wa kubadilisha wakati wa kufunguka kwa valvu huendeshwa na shinikizo la oili hiyohiyo inayopita katika vijitundu vyembamba. Fundi anayeyawekea 20W-50 kwa hoja kwamba joto la huku linataka oili nzito huyapa oili ambayo hufika polepole kunakohitajika, na huongeza pia matumizi ya petroli. Uokoaji wa petroli unaotajwa katika matangazo ya oili sintetiki hutokana zaidi na wepesi huo kuliko usintetiki wenyewe, ingawa ni kweli kwamba haiwezekani kutengeneza 0W-20 kwa mafuta ya kundi la kwanza, kwa kuwa yakifanywa mepesi kiasi hicho hugeuka mvuke upesi mno.

Kwenye joto kali ndipo oili sintetiki huistahili bei yake. Oksijeni hushambulia oili kwa kasi inayokaribia kuongezeka maradufu kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, na matokeo yake ni asidi, utando wa kahawia juu ya vyuma na hatimaye lile tope jeusi ambalo fundi hulikuta chini ya kifuniko cha valvu. Mahali pa kulitazama jambo hili kwa karibu ni ndani ya turbo, kifaa kinachotumia moshi wa injini kusukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Mhimili wake huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ukielea juu ya utando wa oili, huku upande mmoja ukipigwa na moshi wenye joto la nyuzi mia kadhaa. Dereva aliyepanda mlima Kitonga na mzigo, kisha akasimama Ilula kununua nyanya na kuzima injini papo hapo, huikatiza oili safari yake. Ile iliyosalia kwenye beringi haizunguki tena, na joto la moshi huirudia na kuioka hadi iwe kaa gumu. Oili sintetiki nayo huungua ikizidiwa, lakini huvumilia zaidi na huacha masalia machache. Kwa injini ya turbo, basi, kubana matumizi kwa kununua oili ya kawaida ni akiba ya uongo.

Ushahidi wa vipimo unaelekea upande huohuo, ingawa hutakiwa kusomwa kwa uangalifu. Mwaka 2017 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima oili za aina zote mbili kwa vipimo vya kawaida vya maabara, vikiwemo vya kupotea kwa mvuke, kustahimili oksijeni na kuacha masalia, kikaona kwamba sintetiki zilifanya vizuri zaidi kwa wastani wa asilimia 47, huku gharama ya ziada kwa mwenye gari wa huko ikiwa takriban dola 64 kwa mwaka. Asilimia hizo ni za vipimo, wala si za umri wa injini. Miaka 21 kabla yake, jarida la Consumer Reports lilikuwa limefunga injini zilizofufuliwa katika teksi 75 za New York, likaziendesha kila moja takriban kilomita 96,000, kisha likazifungua na kupima ulikaji wa vyuma, na halikuona tofauti ya maana kati ya oili moja na nyingine, sintetiki ikiwemo. Matokeo hayo mawili hayapingani. Injini zile hazikuwa na turbo, hazikupoa sana kwa kuwa zilikuwa kazini karibu muda wote, na oili ilimwagwa kabla haijachoka. Katika hali hiyo, uwezo wa ziada wa oili sintetiki haukupata nafasi ya kutumika.

Kinachofuata kutoka hapo huwaudhi wauzaji: oili sintetiki haipati haki ya kukaa muda mrefu kwenye injini kwa jina lake pekee. Vumbi linalopita kwenye filta mbovu ya hewa, masizi ya dizeli, petroli isiyoungua na mvuke wa maji unaobaki katika gari la kupeleka watoto shule kilomita mbili na kurudi, yote huingia katika oili ya aina yoyote na kuimaliza nguvu kwa njia ileile. Ringi za pistoni zikiwa zimelika, oili ya bei ya juu huchafuka kwa kasi ileile ya oili ya kawaida, na hasara ya kuimwaga huwa kubwa zaidi. Katika gari la namna hiyo, oili nzuri ya kawaida inayobadilishwa mapema pamoja na filta ni uamuzi wa busara kuliko sintetiki inayoachwa hadi iwe nyeusi.

Hofu kwamba aina hizi mbili zikichanganywa huganda haina msingi, kwani huchanganyika bila tatizo, ila ubora wa sintetiki hupungua. Ile ya kwamba sintetiki huvujisha injini kuukuu ilikuwa na ukweli katika miaka ya 1970, kabla watengenezaji hawajaanza kutia kemikali zinazozuia sili za mpira zisisinyae.

Muhimu kuliko neno sintetiki ni herufi za API. Daraja la SF, ambalo bado huonekana kwenye galoni, linafaa injini za petroli zilizoundwa hadi mwaka 1988, ilhali SP lilianza mwaka 2020, na oili ya kawaida ya daraja jipya huilinda injini ya kisasa vizuri kuliko oili yoyote ya daraja lililopitwa na wakati. Kwa bodaboda hutazamwa alama nyingine, JASO MA, kwa sababu katika pikipiki nyingi oili ya injini ndiyo hiyohiyo inayoilowesha klachi. Oili ghali ya gari iliyotiwa dawa za kupunguza msuguano huweza kuifanya klachi hiyo iteleze pikipiki inapopanda mlima na abiria, wakati chupa ya oili ya kawaida yenye alama ile ingeifikisha juu bila shida.