Redio ya Mbagala Iwe Mali ya Wakazi wa Mbagala

Aprili 29, 2009, maghala ya silaha za jeshi yalipolipuka Mbagala, watu walikimbia kila mmoja upande wake, na watoto wengi wakapotezana na wazazi wao. Februari 16, 2011, balaa hilo hilo likaikuta Gongo la Mboto, safari hii usiku. Redio kubwa zilitangaza habari hizo nchi nzima, na zilifanya kazi yake. Lakini aliyekuwa Mbagala siku ile alihitaji kujua njia ipi inapitika, na mtoto aliyeokotwa Zakhem yuko kwa mjumbe gani. Kituo kinachosikika Bukoba hadi Mtwara hakiwezi kukaa saa nzima kikisoma majina ya watoto wa kata moja. Ndiyo maana nasema pembezoni mwa Dar es Salaam panahitaji redio jamii, tena redio hiyo itafaa tu ikiwa wakazi wenyewe ndio wenye mali.

Kwa sensa ya 2022, Temeke, wilaya iliko Mbagala, peke yake ina watu zaidi ya milioni 1.3, wengi kuliko mkoa mzima wa Lindi. Hata hivyo redio jamii zetu zinazojulikana ziko mbali na jiji: Orkonerei kule Terrat, Simanjiro, nyingine Sengerema, nyingine Pangani. Tumezoea kudhani kwamba mjini habari zimejaa tele. Zimejaa kweli, za taifa, za muziki na za mpira. Oktoba 2022, maji ya Mto Ruvu yalipopungua na DAWASA ikaanza mgao, ratiba ilitofautiana eneo kwa eneo. Mama wa Tandale alitaka kujua maji yanafika kwake siku gani, saa ngapi, ajaze ndoo. Chukua pia mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kipindi cha nusu saa kinaweza kueleza fomu inapatikana wapi na kikundi kinasajiliwaje, kisha ofisa maendeleo ya jamii wa kata akae mbele ya kipaza sauti, aulizwe na waliokataliwa walikosa nini.

Wapo watakaosema EFM, iliyoanza 2014, imeshaonyesha kuwa redio ya biashara inaweza kuwabeba watu wa uswahilini, kwa kuwa ilisaidia sana kuipandisha singeli ya Manzese na Tandale. Ni kweli, na inastahili heshima yake. Ila singeli inauzika. Mtaro ulioziba haupati mdhamini wa kuuzungumzia. Wengine watasema magrupu ya WhatsApp yanatosha. Magrupu yanataka simu janja na bando, na ujumbe uliosambazwa mara mia hauna mwenyewe wa kuulizwa. Redio inasikika hata kwenye kiswaswadu, mtu akiwa anakaanga vitumbua, na mtangazaji akipotosha ana ofisi, ana leseni, ana majirani.

Suala la umiliki ndilo gumu kuliko mitambo. Redio ya Homa Bay nchini Kenya ilianzishwa 1982 kwa msaada wa UNESCO, ikawa ya mwanzo kabisa ya aina yake Afrika. 1984 serikali ikaifunga. Haikuwa mikononi mwa wasikilizaji wake, kwa hiyo hawakuwa na njia ya kuzuia isifungwe. Linganisha na wachimba madini wa Bolivia, ambao tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 walikatwa sehemu ya mishahara yao kuendesha redio za vyama vyao vya wafanyakazi. Waliozichangia walikuwa na haki ya kuzihoji.

Je, wakazi wa Mbagala wana uwezo huo? Watu wanaochanga kila wiki kwenye vikoba na kila msiba hawashindwi ada ndogo ya uanachama. Ongeza salamu za kulipia, matangazo ya vifo, ya fundi seremala, ya shule binafsi. Fedha hizo hazitoshi kumzuia mtangazaji aliyeiva asichukuliwe na kituo kikubwa, na hilo ni pigo la kudumu. Dawa yake ni kufundisha wapya kila mwaka. Wanasiasa nao watainyemelea. RTLM ya Rwanda, iliyochochea mauaji ya 1994, bado inatisha, na ni haki itishe. Lakini ile ilikuwa ya wenye hisa walio karibu na watawala, ikihubiri chuki kwa nchi nzima. Pamoja FM ya Kibera, Nairobi, ilipita katika ghasia za uchaguzi wa 2007 ikiwasihi majirani wasiuane. Bodi ichaguliwe na wanachama, kiongozi wa chama chochote asikae humo, na hesabu zisomwe hewani.

Linabaki la masafa, kwa kuwa Dar es Salaam imejaa vituo. Nairobi nayo imejaa, lakini Koch FM ya Korogocho, iliyoanza 2006 ndani ya kontena, na Pamoja FM zimesikika kwenye 99.9 ile ile, kila moja mtaani kwake kwa mtambo mdogo. Mbagala, Tandale na Gongo la Mboto zinaweza kuomba hivyo hivyo. Maombi yafike TCRA, mamlaka inayotoa leseni, wanachama wakiwa wameshalipa ada ya kwanza na kuchagua bodi, kabla mfadhili yeyote hajapelekewa andiko la mradi.