Kutoa Hesabu kwa Kiswahili: Istilahi za Mijadala ya Bunge na Msikilizaji wa Kasongo na Kabambare

1.0 Utangulizi

Ibara ya 142 ya Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, inaitaka Serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila mojawapo ya lugha nne za taifa katika muda wa siku 60 tangu kutangazwa kwake rasmi. Lugha hizo, kwa mujibu wa ibara ya 1, ni Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Sheria ya fedha, ambayo kila mwaka hupanga mapato na matumizi ya nchi, ni sheria kama nyingine. Kwa hiyo mkulima wa Kabambare ana haki ya kuipata kwa Kiswahili, sawa na wakili wa Kinshasa anayeisoma kwa Kifaransa.

Hata hivyo, haki hiyo haitimizwi kwa kuchapisha karatasi tu. Ni lazima maneno yaliyomo yafahamike. Makala haya yanachunguza istilahi chache za mijadala ya Bunge kuhusu fedha za umma, uwajibikaji wa Serikali na usalama, na kuonyesha mahali ambapo msikilizaji wa kusini mwa Maniema anaweza kupotoshwa.

2.0 Matabaka mawili ya msamiati

Kiswahili cha Kasongo na Kabambare si lugha iliyofika jana. Kililetwa na misafara ya wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19, wakati Kasongo ilipokuwa makao ya Tippu Tip na Kabambare kituo cha misafara kati ya Ziwa Tanganyika na mto Lualaba. Wakati huo ndipo yalipoingia maneno kama sheria, hesabu, amana na sultani. Baada ya Kasongo kutekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwaka 1893, utawala mpya ulikuja na maneno yake. Taratibu likajengeka tabaka la pili, lenye asili ya Kifaransa: leta, depite, na mengineyo ya ofisini.

Matabaka haya mawili hayagombani katika mazungumzo ya kila siku. Tatizo huanza pale ambapo neno moja linabebeshwa maana mbili ambazo Katiba imezitenganisha.

3.0 Leta, dola na serikali

Neno leta limetokana na Kifaransa l'État. Katika matumizi ya kawaida hujumlisha nchi kama mamlaka, mawaziri, ofisi na watumishi wake, na pengine hata askari wa barabarani. Enzi za ukoloni jina Bula Matari lilifanya kazi kama hiyo: lilianza kuwa jina la Stanley, kisha likawa jina la utawala wote.

Katiba, kwa upande wake, inatofautisha. Dola ni nchi pamoja na watu wake na taasisi zake zote, Bunge likiwemo. Serikali ni Waziri Mkuu na mawaziri, nao hujibu mbele ya Bunge la Taifa. Ibara za 146 na 147 zinaliruhusu Bunge hilo kuiondolea Serikali imani, ikiwa hoja imetiwa sahihi na robo ya wabunge na kupitishwa na zaidi ya nusu ya wabunge wote. Tarehe 27 Januari 2021 wabunge 367 waliipigia kura hoja ya namna hiyo dhidi ya Serikali ya Sylvestre Ilunga Ilunkamba, naye akajiuzulu. Serikali ilianguka, dola ilibaki.

Mtangazaji akisema kwamba "leta imeanguka", msikilizaji ataelewa kwamba nchi imevunjika. Zaidi ya hayo, pasipo tofauti hiyo, raia anayeuliza fedha zimekwenda wapi huonekana kuwa mpinzani wa nchi yake, ilhali anachofanya ni kudai jibu kwa Serikali iliyowekwa kumhudumia. Kwa hiyo inafaa neno serikali litumike kwa mawaziri peke yao, na neno dola au leta libaki kwa maana pana.

4.0 Bajeti na hesabu

Muswada wa sheria ya fedha hutakiwa kufikishwa Bungeni kabla ya tarehe 15 Septemba kupita. Hati hiyo ndiyo bajeti, na bajeti ni ahadi: inasema kitakachokusanywa na kitakachotumika. Hati ya pili husahauliwa mara nyingi. Kwa mujibu wa ibara ya 173, hesabu kuu za Jamhuri hupelekwa Bungeni kila mwaka na Korti ya Hesabu, pamoja na maoni yake, kisha hufungwa kwa sheria. Hii ni taarifa ya kilichotendeka. Ahadi bila taarifa ni nusu ya mazungumzo.

Katika Kiswahili cha Tanzania neno uwajibikaji limeenea sana, na katika siasa limepata hata maana ya kuachia cheo. Mwaka 2008, baada ya Kamati Teule ya Bunge iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe kuwasilisha taarifa yake kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu. Neno hilo ni zuri, lakini kwa Kasongo lipo lililo karibu zaidi, nalo ni kutoa hesabu. Mwislamu analijua kwa kutaja siku ya hesabu. Mkristo analijua kwa mfano wa wakili katika Injili ya Luka, aliyetakiwa na bwana wake aeleze alivyotumia mali aliyokabidhiwa. Istilahi iliyokwisha kukaa msikitini na kanisani haihitaji kufundishwa upya. Inafaa ianze yenyewe, na kuwajibika kufuate kwa maana ya kupokea matokeo ya hesabu hiyo.

Mfano wa madini unaonyesha faida ya usahihi. Huko Kabambare kuna Salamabila na dhahabu ya Namoya. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka asilimia 3.5 ilipwe juu ya madini ya thamani kama dhahabu. Malipo hayo, yaitwayo redevance kwa Kifaransa, hugawanywa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta, usultani au mji wenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Neno kodi halifai hapa, maana kodi hutozwa kwa mwenye mali. Mrabaha ni haki ya mwenye ardhi kwa kile kinachochukuliwa kutoka humo. Mtu akielezwa kwamba sehemu 15 katika kila 100 za mrabaha ni za sekta yake, hupata mara moja jambo ambalo neno la Kifaransa lilimficha: swali lake halina budi kuanzia kwa viongozi wa karibu kabla ya kufika Kindu au Kinshasa.

5.0 Njia za kuuliza

Ibara ya 138 inataja njia ambazo Bunge hutumia kuisimamia Serikali: swali la mdomo au la maandishi, swali la jambo lililozuka, interpellation, tume ya uchunguzi, na mahojiano mbele ya kamati. Ya tatu ndiyo yenye mtego. Katika Kifaransa cha kila siku kitenzi interpeller husemwa pia juu ya polisi anayemsimamisha mtu na kumhoji. Kwa hiyo habari kwamba waziri amekuwa interpellé yaweza kugeuka, ikifika sokoni, kuwa habari kwamba amekamatwa. Tafsiri "kuitwa Bungeni kujieleza" ni ndefu, lakini haidanganyi. Ni vema pia ielezwe kwamba swali la mdomo au la maandishi halimalizikii katika kura, ila njia hizi zaweza kuzaa hoja ya kutokuwa na imani.

6.0 Usalama na mipaka ya siri

Msamiati wa usalama unahitaji uangalifu zaidi. Tarehe 6 Mei 2021 état de siège ilianza kutumika katika Ituri na Kivu Kaskazini, na mamlaka ya kiraia yakakabidhiwa wanajeshi na polisi. Tafsiri ya neno kwa neno, "hali ya kuzingirwa", inaleta picha ya mji uliozungukwa na adui. "Hali ya hatari", inayotumika Tanzania, haionyeshi kiini chake, yaani kuhama kwa madaraka. "Utawala wa kijeshi wa dharura" unakaribia zaidi. Maniema haikuwamo katika agizo hilo, lakini Kabambare, inayopakana na Fizi na iliyokwisha kuona makundi yenye silaha, haiwezi kulichukulia neno hili kuwa la mbali.

Jambo la kukumbukwa ni kwamba ibara ya 144 inaweka muda wa siku 30, na kila nyongeza ya siku 15 huhitaji idhini ya Bunge la Taifa na Seneti. Maana yake ni kwamba hata vita havijatolewa nje ya hesabu. Usalama wa taifa, neno ambalo kwa Mtanzania hukumbusha idara ya upelelezi, usichanganywe na usalama wa raia, yaani mtu kwenda shambani na kurudi. Mipango ya jeshi yaweza kuwa siri. Mshahara wa askari ni fungu la bajeti, na asipoupata, raia ndiye huulipa kwenye vizuizi vya barabarani.

7.0 Hitimisho

Imeonekana kwamba kazi ya mfasiri wa sheria haiishii katika kutafuta neno linalolingana na la Kifaransa. Pale ambapo lugha ya mahali ina neno lililokomaa, kama hesabu, litumike. Pale ambapo neno moja limebeba maana mbili, kama leta, maana zitengwe. Na pale ambapo hakuna neno, maelezo marefu ni bora kuliko istilahi fupi inayopotosha. Siku 60 za ibara ya 142 ni chache, lakini istilahi za sheria ya fedha hurudi zilezile kila mwaka. Zikishakubaliwa mara moja na wanaisimu, watangazaji na wabunge wa Maniema, raia wa Kasongo na Kabambare wataweza kumuuliza mbunge wao swali lililo wazi, na kutambua kama wamejibiwa.