Piga Hesabu ya Mwendo, Usiachwe na Basi

Unampeleka mtoto mgonjwa hospitali. Basi linaondoka saa 4 asubuhi. Kituo kiko kilomita 24. Kilomita 12 za kwanza ni mlima: unasukuma baiskeli, kilomita 4 kwa saa. Kilomita 12 zilizobaki ni tambarare: unapanda, kilomita 12 kwa saa.

Wengi hujumlisha 4 na 12, wakagawa kwa 2, wakapata 8. Wanadhani safari itachukua saa 3. Ukiondoka saa 1 asubuhi, basi utalikosa!

Anza na muda. Mlimani ni saa 3, tambarare ni saa moja. Jumla saa 4. Gawa kilomita 24 kwa 4. Wastani ni kilomita 6 kwa saa.

Kumbuka: penye mwendo wa polepole ndipo muda mwingi huishia. Ondoka kabla ya saa 12 alfajiri.